Théodore Deck, Mfinyanzi Aliyeitafuta Feruzi

Rangi ya feruzi haina ugeni kwa watu wa Pwani. Ni ile rangi iliyo kati ya samawati na kijani, rangi ya maji ya bahari penye mchanga mweupe wakati wa jua la utosi. Imo katika vyombo vya kale vilivyochimbuliwa Manda na Shanga, katika magofu ya miji yetu, ambako vimeonekana vipande vya mitungi mikubwa iliyoletwa kwa majahazi kutoka Ghuba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mitungi hiyo ilivikwa utando wa kioo wa rangi hiyo, nayo ilifinyangwa na mafundi wa nchi za Kiislamu, upande wa Iraki na Uajemi.

Leo tunamtaja mtu ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuzaliwa karibu na bahari yoyote, lakini aliutumia umri wake kuitafuta rangi hiyo. Jina lake ni Théodore Deck, Mfaransa, aliyefariki mwaka 1891. Wapenzi wa vitu vya kale wanamjua kwa majagi yake ya maua, ya udongo uliovikwa kioo, mengine yakiwa na vitako, vipini na midomo ya shaba iliyopakwa dhahabu. Majumba makubwa ya makumbusho yanayo, na yakitokea mnadani matajiri huyashindania. Lakini habari ya mtu mwenyewe yatuhusu kuliko bei ya vyombo vyake, maana ni habari ya ujuzi ulioponyoka mikononi mwa wenyewe, ukaokotwa na mwingine.

MWANA WA MTIA RANGI

Joseph-Théodore Deck alizaliwa tarehe 2 Januari 1823 katika mji mdogo wa Guebwiller, jimbo la Alsace, mashariki ya Ufaransa karibu na mpaka wa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kutia rangi hariri. Kwa hiyo mtoto alikulia penye masufuria ya rangi, katika nyumba ambamo mkate wa kila siku ulitegemea kujua dawa gani ichanganywe na dawa gani, na kwa kipimo gani.

Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alipelekwa mji wa Strasbourg kujifunza kazi kwa fundi wa meko. Msomaji asidhani kwamba meko hayo ni mafiga matatu ya kupikia. Katika nchi zile za baridi kali, nyumba hutiwa joto kwa meko marefu kama kabati, yaliyojengwa kwa vigae vilivyochomwa na kuvikwa kioo cha rangi. Fundi wa meko sharti ajue kuchagua udongo, kukanda, kukalibu, kupaka na kuchoma. Yote haya Deck aliyapata katika uanagenzi wake.

Alipofuzu alifanya kama walivyofanya mafundi vijana wa zama zake. Alifunga mzigo wake akaenda kutembea nchi za watu, akifanya kazi mji huu miezi kadhaa kisha akihamia mwingine. Alipita Ujerumani, Austria na Hungaria, na huko Vienna alifanya kazi ya meko ya majumba ya kifalme. Mwaka 1847 aliingia Paris. Hakukaa sana, kwani mwaka uliofuata mapinduzi ya 1848 yaliutikisa mji, kazi zikasimama, naye akarejea kwao. Mwaka 1851 alirudi tena Paris, na safari hii akawa msimamizi wa karakana ya meko iliyokuwa mali ya mwanamke mmoja mjane. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855, kazi ya karakana hiyo ilipata sifa.

Mwaka 1856 Deck alifungua karakana yake mwenyewe mjini Paris, na baadaye nduguye Xavier akashirikiana naye. Walianza kwa kile walichokijua, yaani meko na vigae vya kuta. Lakini moyo wa Deck ulikuwa umekwisha kuvutwa na jambo jingine.

SIRI YA UDONGO NA MAGADI

Wakati ule watu wa Paris walikuwa wameanza kuvitazama vyombo vya nchi za Kiislamu kwa macho mapya. Sahani za Uturuki, vigae vya Uajemi na vyombo vya Andalusia vilikuwa vikinunuliwa na kuwekwa katika makabati ya matajiri. Deck alivitazama kwa jicho la fundi, akaona kitu ambacho yeye na wenzake wote wa Ulaya hawakuweza kukifanya. Aliona feruzi safi, inayong'aa, yenye kina kama kwamba mtu anatazama ndani ya maji.

Kwa nini Wazungu walishindwa? Sababu ilikuwa katika kioo chenyewe. Utando wa kioo unaovikwa juu ya udongo hutengenezwa kwa mchanga mweupe uliosagwa, pamoja na kitu cha kuuyeyusha huo mchanga motoni. Mafundi wa Ulaya walizoea kuuyeyusha kwa risasi, kisha wakatia bati ili upate weupe. Sasa, shaba ikitiwa katika kioo cha risasi hutoa kijani cha majani. Shaba ile ile ikitiwa katika kioo kilichoyeyushwa kwa magadi na majivu hutoa feruzi. Shaba haikubadilika, wala moto. Kilichobadilika ni kile ilichochanganywa nacho.

Ikiwa ndivyo, mtu atauliza, si wangetia magadi tu wakamaliza? Hapo ndipo penye ugumu. Kioo cha magadi hujikunja sana kinapopoa, kuliko udongo wa kawaida ulio chini yake. Chombo hutoka katika tanuri kizuri, kisha utando ukaanza kupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, au ukabanduka kabisa. Basi haitoshi kuubadili utando. Sharti mtu aubadili na mwili wa chombo.

Mafundi wa Kiislamu walikuwa wamelitatua jambo hili karne nyingi kabla. Badala ya udongo mtupu, walitumia mawe meupe ya kwatzi yaliyosagwa yakawa unga. Mwaka 1301, Abu'l-Qasim wa Kashan, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi mashuhuri wa Uajemi, aliandika kipimo chake: mafungu kumi ya unga wa jiwe jeupe, fungu moja la kioo kilichosagwa, na fungu moja la udongo mweupe laini. Mwili kama huo ni wa ukoo mmoja na utando wake, kwa hiyo hupatana nao motoni. Waturuki wa mji wa Iznik waliifuata njia hiyo katika karne ya kumi na sita, wakafanya vigae vinavyopamba kuta za misikiti ya Istanbul, kama ule wa Rustem Pasha. Baada ya hapo kazi ya Iznik ilififia, na kufikia karne ya kumi na nane matanuri yake yalikuwa yamezimika na mafundi wake wamekwisha.

Deck hakuwa na fundi wa Iznik wa kumwuliza. Alikuwa na vyombo vyenyewe vya kutazama, na tanuri la kujaribia. Alichanganya, akachoma, akavunja, akachanganya tena. Alitia kwatzi katika udongo wake, akaupaka tabaka jeupe, akapima magadi na majivu, akatia shaba. Mwaka 1861 alivileta vyombo vyake mbele ya watu katika maonyesho ya sanaa mjini Paris, na feruzi ilikuwamo. Watu waliipenda hata wakaipa jina lake, wakaiita buluu ya Deck.

BALASI LA GRANADA

Mwaka uliofuata, 1862, kulikuwa na maonyesho ya mataifa mjini London. Deck alipeleka huko balasi kubwa alilolifanya kwa kuiga mojawapo ya yale mabalasi mashuhuri ya Alhambra. Mabalasi hayo yalifinyangwa katika zama za wafalme Waislamu wa Granada, na lile maarufu zaidi, lenye picha za paa wawili, ni la karne ya kumi na nne. Limesimama hadi leo katika makumbusho ya Alhambra, kimo chake kinazidi mita moja na robo, na mkono wake mmoja umevunjika. Mabalasi hayo yameandikwa kwa Kiarabu maneno ya kuombea heri na ustawi. Balasi la Deck lilinunuliwa na makumbusho ya London ambayo siku hizi huitwa Victoria and Albert.

Tangu hapo karakana ya Deck haikukosa wateja. Alifanya sahani za maua ya mikarafuu na tulipu kwa mtindo wa Iznik, akafanya majagi yenye nakshi za kuchongwa chini ya utando. Uzuri wa majagi haya ya feruzi uko papo hapo. Motoni kioo hutiririka na kujaa katika mifereji ya nakshi, na hapo huwa kizito na cheusi kidogo, hali juu ya kingo huwa chepesi na chenye mwanga. Rangi ni moja, lakini jicho huona kumi.

Hakuishia kwa Waislamu. Baadaye alifuata pia ufundi wa China na Japani, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1878 alionyesha vyombo vyenye dhahabu iliyotandazwa chini ya utando wa kioo. Aliwaalika wachoraji wa picha waje kuchora katika sahani zake. Albert Anker wa Uswisi alimchorea mamia, na pamoja naye walikuwapo Félix Bracquemond na bibi mmoja mchoraji hodari, Eléonore Escallier. Deck hakuwaficha watu hawa nyuma ya jina lake. Wachoraji hao walitia sahihi zao katika kazi zao, na yeye alitia alama yake chini ya chombo.

SHABA NA DHAHABU

Sasa tuje katika yale mapambo ya shaba. Desturi ya kuvika vyombo vya udongo shaba ilikuwa ya kale Ufaransa. Katika karne ya kumi na nane wafanyabiashara wa Paris walikuwa wakinunua kauri za China, kisha wakiwapa wafua shaba wazitie vitako na vipini. Chombo cha mgeni kilivishwa nguo za wenyeji ndipo kikaingizwa sebuleni. Katika zama za Deck mtindo huo ulirudi kwa nguvu. Baadhi ya majagi yake yalitiwa kitako cha shaba chenye miguu ya mnyama, au vipini vya vichwa vya tembo na majoka. Mengine yaligeuzwa kuwa taa za mafuta, maana huo ulikuwa wakati wa mafuta ya taa, na kila nyumba ya heshima ilitaka taa ya kusimama mezani.

Shaba hiyo ni bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Fundi huiyeyusha, akaimimina katika kalibu ya mchanga, kisha fundi wa pili huichonga na kuisugua kwa patasi ndogo ndogo mpaka kila unyoya na kila jani lionekane. Kwa njia ya zamani, dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba, ikatiwa motoni. Zebaki ikatoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Dhahabu hiyo ilikuwa nzuri mno, lakini moshi wake ulikuwa sumu iliyowaua mafundi. Ravrio, mwenye karakana moja kubwa ya shaba mjini Paris, aliyefariki mwaka 1814, aliusia faranga 3,000 apewe mtu atakayevumbua njia ya kuwaokoa wapaka dhahabu na sumu hiyo. Kuanzia miaka ya 1840 ilipatikana njia ya kupaka dhahabu kwa nguvu za umeme, na roho nyingi zikasalimika.

Viwanda vingine pia vilijiunga na biashara hii. Kiwanda cha Longwy, mashariki ya Ufaransa, kilitokea miaka ya 1870 na vyombo vyenye rangi nzito za kioo zilizozungushiwa mistari myeusi, vingi vikiwa na vikuku vya shaba. Ndiyo maana leo si kila jagi la feruzi lenye shaba ni la Deck, japokuwa wauzaji hupenda kusema hivyo. Alama yake aliigonga chini ya kitako, na penye kitako cha shaba mara nyingine alama hufichika. Mnunuzi mwangalifu huomba shaba ifunguliwe kwanza.

MAJINA YALIYOPOTEA

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo halifai kupitwa. Kuanzia miaka ya 1860 Jumba la Cluny mjini Paris lilinunua mamia ya vyombo vilivyokusanywa katika kisiwa cha Rhodes na Auguste Salzmann, mtu wa Alsace kama Deck. Kwa kuwa vilitoka Rhodes, wataalamu waliamua kwamba vilifinyangwa Rhodes. Wengine waliongeza kwamba waliovifanya ni mateka wa Kiajemi waliokaa kisiwani. Kumbe vilikuwa kazi ya Waturuki wa Iznik, na kosa hilo lilidumu hadi karne ya ishirini. Siku hizi vyombo hivyo vimo katika makumbusho ya Ecouen, nje kidogo ya Paris, na jina la Iznik limeandikwa mahali pake.

Hebu tupime. Vyombo vilikuwapo, vizuri kupita kiasi, lakini aliyevifanya hakujulikana hata mji wake. Mafundi wa Iznik, isipokuwa wachache mno, hawakuandika majina yao. Walifanya kazi kwa ajili ya msikiti na kwa ajili ya sultani, baba akamfundisha mwana kwa mkono na kwa mdomo. Walipokwisha wana, ujuzi ulizikwa. Abu'l-Qasim ni mmoja kati ya wachache waliochukua kalamu, na kwa kalamu yake twajua hata leo kipimo cha udongo wa Kashan.

Wako wasemao kwamba Deck aliiba. Neno hilo ni zito, na mizani haikubali. Hakuficha kwamba walimu wake walikuwa mafundi wa Mashariki. Aliyaiga mabalasi yao hadharani, mbele ya mataifa. Lakini ni kweli pia kwamba faida na jina vilikaa Paris. Rangi ambayo Waislamu waliipika kwa karne nyingi iliitwa buluu ya Deck, na hapakuwa na buluu ya Mustafa wala buluu ya Hasan. Lawama ya hilo tusimtupie yeye peke yake. Asiyeandika jina lake asishangae akiandikiwa la mwingine.

KITABU NA KITI

Mwaka 1887 Deck alitoa kitabu juu ya kazi yake, kiitwacho La Faïence. Ndani yake alieleza historia ya vyombo vya udongo vilivyovikwa kioo, pamoja na vile vya Uajemi, kisha akaeleza kazi yenyewe inavyofanywa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Ujuzi alioutafuta motoni kwa miaka mingi, ambao angeweza kuufungia sandukuni kwa ajili ya ukoo wake, aliuweka katika kurasa apate kuusoma yeyote.

Mwaka huo huo serikali ilimpa uongozi wa kiwanda cha taifa cha Sèvres, kiwanda cha kauri kilichoanzishwa chini ya wafalme katika karne ya kumi na nane. Kabla yake walikuwa wamekaa katika kiti hicho wanachuoni wa kemia na watu wa vyeo. Deck ndiye wa kwanza kukikalia akiwa mfinyanzi wa kazi, mtu aliyeanza kwa kukanda udongo wa meko. Huko Sèvres alianzisha aina mpya za kauri, na kazi zake zikaonekana katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, yale yaliyojengewa Mnara wa Eiffel.

Lakini furaha yake haikuwa kamili. Baada ya vita vya 1870 na 1871, Alsace ilikuwa imechukuliwa na Ujerumani. Guebwiller, mji alikozaliwa, ulibaki chini ya bendera nyingine kwa miaka yote iliyosalia ya maisha yake.

Théodore Deck alifariki mjini Paris tarehe 15 Mei 1891, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Kaburi lake lilichongwa na Auguste Bartholdi, mtu wa Alsace vilevile, ambaye ndiye aliyechonga Sanamu ya Uhuru iliyo New York. Guebwiller ulirudi kwa Ufaransa mwaka 1918, na leo una jumba la makumbusho lenye jina lake na mamia ya vyombo vyake.

Katika nyumba zetu za mawe zimo bado zidaka zilizokuwa zikipambwa kwa vyombo vya ng'ambo, na katika miji yetu wamo bado wachonga milango, wafua fedha na wafuma kofia ambao ujuzi wao umo katika vidole vyao tu. Wengi ni wazee. Deck alipata vyombo vya Iznik lakini hakupata mfinyanzi wa kumwuliza, na jibu la swali moja lilimgharimu miaka. Sisi bado tunao wa kuwauliza. Mwenye kijana aliye hodari wa kalamu na ampeleke kwa fundi, aketi naye, aandike kipimo, aandike na jina.